Siki: Somo la viwanda vya Uingereza kwa wafanyabiashara wa Kikuubo

Wafanyabiashara wa jumla wa Kikuubo, jijini Kampala, wamezoea kuhesabu faida yao kwa mafuta ya kupikia, sabuni, sukari, chumvi na unga. Siki ni bidhaa ndogo. Hukaa kwenye rafu ya pembeni, jirani na sosi ya nyanya na pilipili, na mara nyingi huongezwa kwenye mzigo wa mteja dakika za mwisho, lori likiwa tayari linafungwa turubai. Lakini udogo huo unaficha swali kubwa: ndani ya chupa iliyoandikwa siki kuna nini hasa, na ni nani atakayebeba hasara ikigundulika kwamba si siki?

Swali hilo lina uzito zaidi leo kuliko zamani. Tangu Januari 2021, wafanyabiashara waliosajiliwa kwa VAT nchini Uganda wanatakiwa kutoa ankara kupitia mfumo wa kielektroniki wa EFRIS. Mfumo huo ulizua malalamiko makubwa, na Aprili 2024 maduka mengi ya katikati ya Kampala yalifungwa kwa mgomo. Tangu Julai 2022, ushuru wa pamoja wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki una ngazi nne: sifuri, asilimia 10, 25 na 35. Mwaka huo huo wa 2022 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo ilijiunga na Jumuiya, na hivyo mzigo unaotoka Kikuubo kwenda Beni au Butembo kupitia Mpondwe unavuka mpaka wa nchi mwanachama. Kwa maneno mengine, jina la bidhaa linaandikwa na kuhifadhiwa kila hatua, kuanzia bandarini Mombasa hadi kwenye risiti ya mnunuzi.

Uingereza ilipambana na swali la jina la siki kwa zaidi ya miaka 100. Historia ya viwanda vyake, hasa Sarson's cha London na Hill, Evans cha Worcester, ina mafunzo ambayo yanagusa moja kwa moja biashara ya Kikuubo na malori yanayoihudumia.

Pombe iliyochacha

Thomas Sarson alianza kutengeneza siki jijini London mwaka 1794, katika mtaa wa Craven, eneo la Shoreditch. Siki yake ilikuwa ya kimea. Shayiri ilioteshwa, ikakaushwa, ikapikwa kama pombe lakini bila kutiwa hopi. Pombe hiyo iliachwa ichachuke mara ya pili, ambapo bakteria hugeuza kileo kuwa asidi kwa msaada wa hewa.

Anayejua pombe ya ndizi ya Uganda hahitaji maelezo marefu. Tonto iliyokaa mno huanza kuwa kali, na asiyeiuza kwa wakati hubaki na kitu kinachowasha koo. Waingereza walifanya kuharibika huko kuwa biashara yenye hesabu. Zamani mapipa yalipangwa kwenye uwanja wa wazi, tundu la juu likiachwa bila kizibo, na mwenye kiwanda alisubiri miezi. Katika miaka ya 1820, njia ya haraka ilipatikana Ujerumani: pombe hupitishwa juu ya vipande vya mbao ndani ya tangi huku hewa ikipanda kutoka chini. Kazi ya miezi ikawa ya siku. Hata leo siki ya Sarson's hutengenezwa kwa msingi huo huo.

Muda ndio ulioamua bei. Mtaji uliolala kwenye pipa kwa miezi ni mtaji usiozunguka, na kila mwenye duka Kikuubo anajua maana ya hilo.

Kodi, asidi na sheria

Hadi mwaka 1844 serikali ya Uingereza ilitoza ushuru wa bidhaa kwenye siki, na maofisa wake waliingia viwandani kupima mapipa. Kodi hiyo ilipofutwa mwaka huo, njia ilifunguka kwa viwanda vikubwa. Kiwanda cha Hill, Evans, kilichoanzishwa mjini Worcester mwaka 1830, kilikuwa miongoni mwa vilivyokua sana katika miaka iliyofuata. Kilijenga pipa moja lenye uwezo wa zaidi ya lita 500,000, lililosifiwa kuwa kubwa kuliko yote duniani.

Lakini tatizo jingine lilikuwa limeingia sokoni. Wapo waliogundua kwamba siki hafifu inaweza kuongezwa ukali kwa asidi ya salfa, ile ile inayotumika viwandani na leo kwenye betri za magari. Kanuni za wakati huo ziliruhusu kiasi kidogo, sehemu 1 kwa 1,000, kwa hoja kwamba siki isingekaa bila kuharibika. Mlango huo mdogo ukapitisha mengi. Kuanzia mwaka 1851 daktari Arthur Hill Hassall alichunguza vyakula vilivyouzwa London na kuchapisha matokeo yake kwenye jarida la kitabibu la The Lancet, akitaja majina ya wauzaji. Siki ilikuwa miongoni mwa bidhaa alizokuta na asidi hiyo.

Sheria ya kwanza dhidi ya uchakachuaji wa vyakula ilipitishwa mwaka 1860, lakini iliyokuwa na meno ilikuja mwaka 1875. Ilifanya kuwa kosa kumuuzia mnunuzi chakula ambacho kwa asili, kiini au ubora wake si kile alichokitaka. Mzigo ukawa kwa muuzaji. Kusema kwamba chupa ilifika dukani ikiwa imefungwa hakukutosha peke yake. Ilimpasa aonyeshe kwamba alinunua kwa dhamana ya maandishi kutoka kwa aliyemuuzia.

Katika karne ya 20 mpinzani alibadilika. Hakuwa tena asidi ya salfa bali asidi asetiki yenyewe, ambayo ndiyo inayoipa siki ukali wake. Viwanda vya kemikali viliweza kuitengeneza kwa wingi na kwa bei nafuu. Kilichobaki ni kuongeza maji, rangi ya karameli na chupa. Kinywaji kama hicho hakina shayiri, hakina tunda na hakikuchachuka popote. Je, kiitwe siki? Mwaka 1950, katika kesi ya Kat na Diment, mahakama kuu ya England iliamua kwamba kuiita bidhaa hiyo siki, hata kwa kuongeza kwamba haikuchachushwa, ni maelezo ya uongo ya kibiashara. Tangu hapo huuzwa Uingereza kama kiungo kisichochachushwa, bila neno siki.

Uamuzi huo haukuipiga marufuku bidhaa. Maduka mengi ya chipsi na samaki Uingereza huitumia mpaka leo, kwa sababu ni nafuu na, ikitengenezwa kwa asidi ya kiwango cha chakula, haina madhara. Kilichokatazwa ni kulitumia jina la jirani. Kila bidhaa ikabaki na soko lake na bei yake.

Lori linalobeba maji

Kwa wasafirishaji, hesabu ya siki ni rahisi na inashangaza. Trela lililobeba tani 25 za siki ya asilimia 5 limebeba tani 1.25 tu za asidi. Karibu zote zilizobaki ni maji, bila kuhesabu uzito wa chupa na makatoni.

Ndiyo maana viwanda vya siki vya Uingereza vilijengwa karibu na walaji au karibu na usafiri wa bei nafuu. London ilikuwa na viwanda kadhaa ndani ya mji wenyewe. Worcester haikuwa na soko kubwa kama hilo, kwa hiyo Hill, Evans waliletewa tawi la reli hadi kiwandani katika miaka ya 1870. Shayiri iliingia kwa behewa na mapipa yakatoka kwa behewa. Tawi hilo lilifungwa mwaka 1964, wakati mizigo ilikuwa inahamia kwenye malori, na kiwanda chenyewe hakikumaliza muongo huo.

Kampala iko zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Mombasa. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901, lakini Kampala yenyewe iliunganishwa mwaka 1931. Kwa miaka 30 katikati, bidhaa za Ulaya zilipakuliwa kutoka behewani, zikavushwa ziwa kwa meli hadi Port Bell, kisha zikapandishwa mjini. Kusafirisha chupa zilizojaa maji kwa njia hiyo kulikuwa na maana kwa mteja aliyekuwa tayari kulipia jina la London. Kwa mama anayetengeneza achari mtaani, hakukuwa na maana hata kidogo.

Hesabu hiyo haijabadilika, na ndiyo inayoipa nguvu siki ya asidi na maji. Kilo 1 ya asidi asetiki kali inatosha kutengeneza takriban kilo 20 za kinywaji cha asilimia 5. Tani moja kwenye mapipa ya plastiki inafanya kazi ya lori zima la chupa. Mchanganyaji wa Kampala hana nauli ya maji, kwani maji anayapata bombani. Hakuna siki iliyochachushwa ng'ambo inayoweza kumshinda kwa bei.

Wenye mali walibadilika, jina likabaki

Kama ni hivyo, kwa nini Sarson's bado ipo? Jibu haliko kwenye majengo wala kwa wenye mali. Mwaka 1932 kampuni hiyo iliungana na watengenezaji wengine kuunda British Vinegars. Kiwanda cha siki cha barabara ya Tower Bridge, kusini mwa mto Thames, kilifungwa mwaka 1992 na majengo yake yakageuzwa makazi. Jina likaangukia kwa Nestlé ya Uswisi, ambayo mwaka 2002 iliiuzia Premier Foods ya Uingereza. Mwaka 2012 Premier Foods, iliyokuwa imelemewa na madeni, iliuza biashara yake ya siki na achari kwa Mizkan ya Japani kwa pauni milioni 41. Leo siki ya Sarson's hutengenezwa Middleton, karibu na Manchester, chini ya Wajapani.

Mizkan nayo si ngeni katika biashara hii. Ilianzishwa mwaka 1804 huko Handa, miaka 10 tu baada ya Thomas Sarson kuanza. Mwanzilishi wake alikuwa mtengenezaji wa pombe ya mchele aliyetumia machicha yaliyobaki kutengeneza siki, kisha akaisafirisha kwa majahazi hadi Edo, ambayo sasa ni Tokyo, kwa wauzaji wa sushi. Kampuni mbili zilizozaliwa kwa pombe, moja ya shayiri na nyingine ya mchele, zimekutana baada ya karne mbili kwa sababu moja ilikuwa na jina ambalo nyingine ilikuwa tayari kulinunua.

Waswahili husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa siki methali hiyo inahitaji tahadhari. Mnunuzi hawezi kuonja chupa iliyofungwa, na kwa macho kinywaji cha asidi na maji kinafanana na siki nyeupe ya kweli. Chema hakiwezi kujiuza kama kimevaa nguo moja na kisicho chema. Viwanda vya Uingereza vilihitaji sheria ya kulinda neno siki, kisha vikahitaji chupa na lebo ambayo mtu anaitambua. Bila la kwanza, la pili lisingesaidia.

Kikuubo: jina moja, bidhaa mbili

Kwa Kiganda, ekikuubo ni kichochoro. Kichochoro hicho kilicho kati ya stendi za mabasi na teksi za katikati ya Kampala kimekuwa ghala la eneo zima. Mzigo wake unafika Juba kupitia Elegu na Nimule, mashariki ya Congo kupitia Kasese na Mpondwe, na Kigali kupitia Gatuna na Katuna. Kosa linaloanzia dukani Kikuubo linaweza kugundulika kilomita mamia mbele, mikononi mwa mtu mwingine.

Mfumo wa forodha haumsaidii sana mnunuzi katika jambo hili. Kwenye orodha ya kimataifa ya bidhaa, siki ina namba 2209, na namba hiyo hiyo inajumuisha vibadala vya siki vilivyotengenezwa kwa asidi asetiki. Asidi yenyewe ina namba yake, 2915.21, kwenye sura ya kemikali. Hati ya forodha yenye 2209 kwa hiyo haithibitishi kwamba kilichomo kilichachushwa. Inathibitisha tu kwamba kinauzwa kwa kazi ya siki. Tofauti iko kwenye kiwango cha ubora na kwenye lebo, si kwenye forodha.

Hapo ndipo shirika la viwango la UNBS linapoingia. Kanuni za Uganda za mwaka 2018 zinataka bidhaa zilizo chini ya viwango vya lazima ziwe na alama ya ubora kabla ya kuingia sokoni. Kwa bidhaa za nchi wanachama, sheria ya Jumuiya ya mwaka 2006 kuhusu viwango inataka alama ya shirika la viwango la nchi moja itambuliwe na nchi nyingine. Chupa iliyotoka Nairobi ikiwa na alama halali ya KEBS haipaswi kuanza upya Malaba au Busia. Chupa isiyo na alama yoyote, bila jina la mtengenezaji, bila tarehe na bila orodha ya viambato, haina pa kusimamia mahali popote.

Kiambato ndicho cha kusoma kwanza. Kikiandikwa maji na asidi asetiki, bidhaa hiyo ni kibadala, na inastahili kununuliwa na kuuzwa kwa bei ya kibadala. Hatari kubwa zaidi ni asidi isiyo ya kiwango cha chakula, inayoagizwa kwa ajili ya nguo, rangi na kazi nyingine za viwanda, ambayo hubaki na uchafu usioonekana. Muuzaji wa jumla asiyedai cheti cha uchunguzi kutoka kwa mchanganyaji wake amejitwika hatari ya mtu mwingine.

Msafirishaji na mapipa

Siki ya chupa yenye asilimia 4 hadi 6 ni mzigo wa kawaida. Asidi asetiki si mzigo wa kawaida. Kwa utaratibu wa Umoja wa Mataifa wa bidhaa hatari, mchanganyiko wenye zaidi ya asilimia 10 hadi 80 una namba UN 2790 na uko kwenye kundi la 8, la vitu vinavyobabua. Unaozidi asilimia 80 ni UN 2789, nao, juu ya kubabua, unashika moto. Dereva anayepewa mapipa yaliyoandikwa siki kwenye hati, huku harufu ikimtoa machozi, ana haki ya kuuliza asilimia kabla ya kuwasha injini.

Lipo jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Asidi kali kabisa huganda ikifika chini ya nyuzi 16.6 za joto. Timboroa, ambako barabara ya kutoka Mombasa kwenda Malaba inapanda zaidi ya mita 2,500, usiku huwa baridi kuliko hapo. Pipa lililoganda si pipa lililoharibika, lakini anayejaribu kuliyeyusha kwa moto wa kuni anacheza na kitu kinachowaka. Na mapipa hayo hayapaswi kupakiwa pamoja na unga, sukari au biskuti, hata kama nafasi iliyobaki kwenye lori inashawishi.

Bima nayo inafuata hati. Mzigo ulioandikwa siki ukimwagika na kubabua mtu, ikagundulika ulikuwa asidi ya asilimia 80, kampuni ya bima itakuwa na sababu nzuri ya kukataa kulipa.

Nafasi ya kiwanda cha nyumbani

Kama maji ni ghali kusafirisha, siki ya kweli inafaa kutengenezwa karibu na mlaji, kama ilivyokuwa London. Uganda haikosi malighafi. Inazo ndizi za mbidde ambazo kazi yake ni pombe, mananasi ya Kayunga na Luweero ambayo msimu ukifika hushuka bei hadi kuozea shambani, na molasi za viwanda vya sukari ambazo tayari zinageuzwa kuwa spiriti. Malighafi yote hayo yanaweza kuchachushwa mara mbili.

Vikwazo ni vile vile vya Waingereza. Cha kwanza ni kodi. Atengenezaye siki lazima apite kwanza kwenye kileo, na kileo kina ushuru wa bidhaa. Mwekezaji anahitaji jibu la maandishi kutoka URA kuhusu kileo ambacho hakiuzwi bali kinageuzwa siki ndani ya kiwanda hicho hicho. Uingereza ilichukua hadi 1844 kuondoa mzigo wa kodi kwenye siki. Cha pili ni muda wa mtaji. Cha tatu, na kigumu kuliko vyote, ni jina. Mtengenezaji wa siki ya nanasi atauza kwa bei ya juu kuliko mchanganyaji wa asidi, na kama chupa zote mbili zimeandikwa siki kwa herufi kubwa, mteja wa Kikuubo atachukua ya bei ya chini. Sera ya serikali ya kununua bidhaa za Uganda, iliyopitishwa mwaka 2014, haiwezi kumsaidia hapo, kwani zote mbili zinaweza kudai kutengenezwa Uganda.

Kwa vyama vya wafanyabiashara kama KACITA, ambavyo miaka ya karibuni vimepigania kodi na ankara, hili ni dai jingine linalostahili kufikishwa mezani: kibadala cha siki kiandikwe kibadala mbele ya chupa, si kwa herufi ndogo nyuma. Dai hilo halimfungii mtu biashara. Wachanganyaji wanaotumia asidi safi wataendelea kuuza, na wauza chipsi wataendelea kununua. Atakayeumia ni yule anayetegemea mnunuzi asijue.

Wakati hayo yakisubiriwa, mfanyabiashara anaweza kujilinda mwenyewe kwa kusoma viambato, kudai alama ya ubora na cheti cha uchunguzi, kuandika kwenye ankara ya EFRIS kile hasa anachouza, na kwa mzigo wa nchi wanachama kuomba cheti cha uasili wa bidhaa, ambacho kwa mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000 hutolewa kwa utaratibu rahisi mpakani. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1875 ilimpa muuzaji kinga moja tu ya uhakika, nayo ni karatasi kutoka kwa aliyemuuzia. Kwa muuzaji wa Kikuubo, karatasi hiyo bado ni nafuu kuliko shehena iliyozuiliwa Mpondwe.